Mvuke Unaachiwa Usiku, Maziwa ya Jioni Yanachacha

Najua niliahidi tuendelee na somo letu la hifadhidata, na sijasahau. Lakini wikendi iliyopita nilikuwa nyumbani Endarasha, nikarudi Nairobi na hasira ambayo haiwezi kuniruhusu kuandika habari za majedwali kabla sijaitoa. Kwa hiyo leo tunazungumza stima. Au umeme, kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Namanga.

Kwa wasiopajua, Endarasha iko Kieni Magharibi, kaunti ya Nyeri, chini ya milima ya Aberdare. Ni nchi ya viazi, kabeji, karoti na ng'ombe wa maziwa. Usiku kuna baridi ya kukufanya ulale na soksi. Mvua ya Kieni haiaminiki, kwa hiyo ng'ombe ndiye benki ya watu wengi, mama yangu akiwemo.

Jumamosi jioni mama alimaliza kukamua, akaweka ndoo jikoni, akasema, "Haya ni yenu na paka." Ya asubuhi huenda kwa chama cha ushirika. Ya jioni hayachukuliwi, kwa sababu hakuna pa kuyapoza mpaka asubuhi. Kidogo tunakunywa, kidogo anapewa ndama, kidogo anapewa jirani, na yanayobaki yanachacha. Hadithi hii si ya mama yangu peke yake. Ukiuliza wafugaji wadogo sehemu nyingi za Kenya watakwambia hivyo hivyo.

Tukiwa tumekaa hapo redio ikaanza ule wimbo wake: Kenya ni mfano kwa dunia, karibu asilimia 90 ya umeme wetu ni wa kijani. Mama akanitazama. "Wewe ndiwe mtu wa mashine, kijana wangu. Kama tuna stima nzuri kuliko Wazungu, mbona maziwa yangu yanachacha?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na halipendezi.

KWANZA, TUKUBALI ILIYO KWELI

Hiyo asilimia 90 si uongo. Kenya kweli inazalisha sehemu kubwa mno ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria, karibu na Naivasha, ilianza mwaka 1981 na mtambo wa megawati 15. Leo mvuke peke yake unatupa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi. Mto Tana, unaokusanya maji ya Aberdare hizi hizi na ya Mlima Kenya, unazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kule Loiyangalani kuna mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310. Kipeto, Kajiado, kuna megawati 100 nyingine za upepo, na Garissa kuna jua la megawati 50. Uwezo wa mvuke wa Bonde la Ufa hukadiriwa kufika megawati 10,000, yaani zaidi ya mara nne ya umeme wote tunaoutumia saa ya kilele.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na wahandisi wa Olkaria. Nawavulia kofia. Ugomvi wangu ni na hiyo asilimia.

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja ambao tumeshajifunza kuuogopa: kusifia seva kwa maelezo ya kwenye boksi. Ina kumbukumbu kiasi gani, ina vichakataji vingapi. Mtumiaji hajali. Mtumiaji anauliza maswali mawili: iko hewani? Inanifanyia kazi yangu? Asilimia 90 ni maelezo ya kwenye boksi. Inakwambia umeme umetoka wapi. Haikwambii umefika wapi, saa ngapi, wala umefanya kazi gani.

Halafu asilimia ni sehemu ya kitu. Ya kitu gani? Mkenya wa wastani anatumia chini ya yuniti 250 za umeme kwa mwaka. Mmarekani anatumia zaidi ya 12,000. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupika kwa kuni. Tukijisifu kwa asilimia 90 tunafanana na mtu anayesema asilimia 90 ya chakula chake ni mboga safi, kumbe anakula mara moja kwa siku.

Mnakumbuka Agosti 2023? Usiku wa tarehe 25 nchi nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hazikupita wiki mbili, Nairobi ikakaribisha mkutano wa Afrika wa tabianchi na tukawaimbia wageni wimbo ule ule wa asilimia. Aibu haipimwi kwa megawati.

HESABU AMBAYO HAIIMBWI

Mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 katika miezi 40. Wakati huo kilele cha matumizi ya nchi kilikuwa yapata megawati 1,400. Hoja ilikuwa kwamba ukijenga mitambo, matumizi yatakuja yenyewe. Ndiyo hoja iliyotaka kutuletea makaa ya mawe ya Lamu, megawati zaidi ya 900, mpaka baraza la rufaa la mazingira likafuta kibali chake Juni 2019.

Matumizi yalikuja? Mwaka 2013 wateja wa stima walikuwa yapata milioni 2.3. Kufikia katikati ya mwaka 2024 walikuwa wamepita milioni 9.5. Hongera, hiyo ni kazi kubwa. Mradi wa kufikisha nyaya vijijini ulioanza mwaka 2015 ulishusha gharama ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na mama yangu ni mmoja wa walionufaika. Lakini tazama kilele: Februari 2025 kilifika megawati 2,316. Wateja wameongezeka mara nne. Kilele hakijafika hata mara mbili.

Soma tena sentensi hiyo. Maana yake ni kwamba mamilioni ya watu wamepewa balbu na chaja ya simu, basi. Mtu ana mita ukutani, lakini kazi inayomwingizia pesa bado inafanywa kwa mkono, kwa petroli au kwa dizeli, au haifanywi kabisa. Kwenye kitabu cha takwimu mama yangu ameshahesabiwa: "ameunganishwa." Faili imefungwa. Maziwa yamechacha.

TATIZO NI SAA

Hapa ndipo watu wa kompyuta tunaweza kusaidia, kwa sababu jambo hili tunalijua.

Kila mtu anayeendesha seva anajua kwamba mzigo hauko sawa mchana na usiku. Wateja wakiwa wengi hutaki kunakili hifadhidata nzima wala kupiga ripoti ya mwaka. Kazi hizo nzito unazipangia saa nane usiku, mashine ikiwa imekaa bure. Hununui seva ya pili kwa sababu ya kazi inayoweza kusubiri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo.

Sasa tazama nchi. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, kila mtu anawasha taa, televisheni, na zile hita za bafuni zinazochemsha maji papo kwa papo. Hita moja inakula kama kilowati 5. Zikiwashwa laki moja kwa pamoja ni megawati 500, zaidi ya mara moja na nusu ya mitambo yote ya Loiyangalani ikizunguka kwa nguvu zake zote. Saa hizo stima haitoshi. Tunanunua umeme wa Ethiopia kupitia laini iliyoanza kazi mwaka 2022, tunawasha mitambo ya mafuta, na serikali yenyewe imekiri kwamba kuna maeneo huzimwa jioni ili mengine yapate.

Kisha watu wanalala. Usiku wa manane matumizi yanashuka hadi karibu na nusu ya yale ya jioni. Na hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Kisima cha mvuke si mfereji wa jikoni, huwezi kukifunga kila usiku na kukifungua asubuhi bila kukiharibu. Mtambo ukiambiwa upunguze, mvuke unaachiwa angani. Upepo wa Loiyangalani nao una tabia ya kuvuma kwa nguvu zaidi usiku. Kwa hiyo saa ambazo nchi ina umeme safi wa kumwaga, ndizo saa ambazo tunaumwaga. Tumechimba kisima kwa mkopo, tumeuleta mvuke juu kwa mkopo, halafu tunawapa mawingu.

Olkaria haifiki kilomita 100 kutoka Endarasha ukipaa kama ndege juu ya Aberdare. Upande mmoja wa mlima mvuke unaachiwa. Upande wa pili maziwa yanachacha. Usiku ule ule.

BARAFU NI BETRI

Kuna mjuaji ataniambia: ng'ombe anakamuliwa jioni, saa ambayo stima haipo, kwa hiyo umeme wa usiku haumsaidii mama yako. Nilitarajia swali hilo.

Kuna tangi la kupozea maziwa linalofanya kazi kwa barafu. Usiku stima inagandisha maji yaliyo pembeni mwa tangi. Jioni inayofuata maziwa yanamiminwa ndani na barafu inayapoza, hata kama stima imekwenda. Si uchawi wala si teknolojia mpya.

Tupige hesabu, maana bila hesabu huu ungekuwa ulalamishi tu. Lita moja ya maziwa kutoka joto la ng'ombe hadi nyuzi 4 inahitaji kutolewa kilojuli 125 hivi. Lita 500, ambazo ni maziwa ya jioni ya wafugaji wadogo wengi, zinahitaji kilo 190 hivi za barafu. Kuigandisha ni kama yuniti 10 za stima kwa mashine ya kawaida. Kwa shilingi 20 kila yuniti, hiyo ni shilingi 200. Senti 40 kwa lita! Kwa nusu ya bei ni senti 20.

Sitawadanganya: kwa maziwa, bei ya stima si tatizo kubwa. Tatizo ni uhakika. Chama cha ushirika kinaogopa stima kupotea saa moja usiku na tangi limejaa, kwa hiyo kinanunua jenereta na dizeli, au kinaacha maziwa ya jioni kabisa. Barafu inaondoa woga huo.

Kwa maji mambo ni tofauti, bei inauma. Chukua kikundi cha wakulima chenye ekari 5 za viazi na kabeji, kinachopandisha lita 100,000 za maji kwa siku kutoka bwawa la kijiji hadi tangi lililo mita 50 juu. Kwa pampu ya kawaida hiyo ni yuniti 27 hivi. Kwa shilingi 20 ni 540 kwa siku, kwa nusu bei ni 270. Tofauti ya mwezi inazidi shilingi 8,000. Na pampu haijali inafanya kazi saa ngapi. Unaiambia ianze saa tano usiku, unalala, asubuhi tangi limejaa. Ni kazi ya usiku kama ile ya hifadhidata, isipokuwa badala ya ripoti unapata kabeji.

Bei ya usiku ipo? Ipo! Tangu Desemba 2017 viwanda vikubwa vimekuwa na nafasi ya kupata stima ya usiku kwa nusu bei. Na katika bei zilizoanza Aprili 2023, chaja za magari na pikipiki za umeme zilipewa yao: shilingi 16 saa za kilele na shilingi 8 saa nyingine, kabla ya tozo na kodi. Mteja wa nyumbani hakuwekewa kitu. Yaani sheria ya bei inatambua kwamba pikipiki inaweza kulala inachaji. Haitambui kwamba ng'ombe ana maziwa ya jioni.

"BASI WEKENI SOLA"

Hili nalo nalisikia kila mara, hasa kutoka kwa marafiki zangu wa teknolojia. Sola ni nzuri. Kampuni kama M-KOPA, iliyoanza mwaka 2012, imefikisha taa kwenye nyumba ambazo zingesubiri nguzo miaka mingi, na kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa ni ubunifu ambao dunia imeuiga. Lakini paneli ya kuwasha balbu tatu haigandishi kilo 190 za barafu. Unaweza kuweka sola kubwa, ndiyo, kama una mtaji. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: kwa nini mkulima akope anunue umeme mpya, wakati ule wa zamani, ambao mlipa kodi ameshaulipia, unaachiwa angani juu ya mlima wake?

Wenye uwezo hawangoji. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo hapa hapa Nyeri vilijijengea mtambo wa maji wa karibu megawati 6 kwenye mto Gura unaotoka Aberdare. Safi sana. Lakini mkulima wa chai ana kiwanda cha kumsemea. Mwenye ng'ombe wawili Endarasha anasemewa na nani?

Na wale wanaodhani megawati peke yake zinatosha, wakumbuke mambo mawili. Mitambo ya Loiyangalani ilikamilika mwaka 2017, lakini laini ya kilomita 428 ya kuusafirisha umeme hadi Suswa ikakamilika Septemba 2018, na tukalipa faini ya mabilioni kwa kuchelewa. Kinangop, ng'ambo ya Aberdare, mradi wa upepo wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya mvutano mrefu na wenyeji juu ya ardhi. Upepo ulikuwepo. Pesa zilikuwepo. Uwezo ulio kwenye karatasi haupozi maziwa.

NINACHOTAKA

Sitaki kuwa mlalamishi asiye na pendekezo. Haya ndiyo matatu yangu.

Moja: bei ya usiku kwa kila anayeweza kusogeza kazi yake. Vyama vya maziwa, vikundi vya maji, vinu vya posho, maghala ya baridi ya viazi, na nyumba za kawaida pia. Mita inayojua saa si ndoto. Simu ya elfu mbili inajua saa.

Mbili: kabla ya kuhesabu nyumba mpya elfu moja zilizounganishwa, hesabuni vituo vya kukusanyia maziwa na pampu za maji vilivyofikiwa na laini ya fezi tatu. Balbu inamfurahisha mtu jioni. Tangi la baridi linamlipia mtoto karo.

Tatu: kila transfoma iwe na kumbukumbu yake ya saa ilizokuwa na stima na saa ilizokosa, na kumbukumbu hiyo iwe wazi kwa umma. Sio wastani wa nchi nzima. Wastani ni kichaka cha kujifichia. Mimi mteja wangu akinipigia kwamba mfumo umelala, siwezi kumjibu kwamba kwa wastani mifumo ya Kenya iko hewani. Atanifukuza.

Hili la tatu sikutaka kungoja mtu. Kabla sijaondoka nyumbani nilichomeka simu kuukuu kwenye chaja pale sebuleni, nikaiwekea programu ndogo ambayo kila chaja ikipoteza stima inaandika saa, na ikirudi inaandika saa, kisha inanitumia ujumbe usiku. Ni mistari michache tu. Betri ya simu ndiyo inayoiweka hai gizani. Nyumba moja si utafiti, na sitaitumia kumshitaki mtu yeyote. Lakini nyumba mia moja kati ya Endarasha, Mweiga, Naromoru, Karatina na Othaya ni ramani. Wiki ijayo nitaweka programu hiyo hapa bure, mwenye simu ya zamani kwenye droo aitoe.

Mama ameniuliza kile kisimu kinafanya nini ukutani. Nikamwambia kinaandika stima ikipotea. Akafikiri kidogo, akasema, "Kikimaliza kuandika, kikaisomee hiyo redio."

Haya. Hifadhidata tutarudi kwayo, nimeahidi. Kama nimekosea hesabu mahali, nisahihisheni bila huruma, kalamu mnayo. Lakini anayetaka kunijibu kwa asilimia 90, tafadhali aje kwanza Endarasha saa mbili usiku. Maziwa yapo.